Kigari cha Twyla Kinachorudi Nyuma

Niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu: ile nyumba ya mjini niliitafuta mimi. Mimi Idella, dada mkubwa wa Orrin Haddix, ndiye niliyempigia simu mwenye nyumba, ndiye niliyepima milango kuona kama kiti cha magurudumu kitapita, na ndiye niliyetangaza mezani, "Jumanne, tarehe mosi Novemba, mnahamia, mjadala umefungwa." Nyumba haina ngazi, na iko hatua thelathini kutoka kwangu. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Wifi yangu Twyla akaitikia, "Sawa, wifi," na mimi, mpumbavu wa watu, nikadhani amefurahi. Miaka thelathini na mitano nimemjua yule mwanamke, hajawahi kukubali kitu bila kubisha, hata ukimwambia ni saa ngapi. Ningepaswa kushtuka.

Twyla alizaliwa ng'ambo ya mto, kwa wakata majani. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume na wala hakuhangaika. Miguu ya binti ilipofika kwenye pedali, akampa usukani. Akiwa na miaka ishirini alikuwa anaweza kurudisha trela la mita kumi katika lango ambalo mimi ningeogopa kupitisha toroli.

Na kwetu huku, kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, mtu hupimwa kwa kurudi nyuma. Kwenda mbele kila mtu anaweza. Lakini siku ya kupiga chapa ndama, au siku ya mnada, wanaume husimama na vikombe vyao vya kahawa, hawasemi kitu, wanakutazama tu ukirudisha trela, na wakiondoka hapo wanajua wewe ni nani. Hakuna atakayekuja kukusaidia usipoomba. Kumwambia mwenzako "lete nikurudishie" ni sawa na kumwambia akavae nepi.

Sasa siku ya pikiniki ya kanisa, mdogo wangu Orrin alikwama na trela la majani kati ya uzio na gari la mchungaji. Jasho linamtiririka, trela linajikunja kushoto, analinyoosha, linajikunja kulia. Watu kimya. Twyla, hata hatukumjua vizuri, akaweka sahani yake chini, akaenda, akafungua mlango wa gari akamwambia, "Sogea." Orrin akasogea. Mara moja tu, bila kurekebisha, trela likatoka. Wengine hupendana kwa macho. Hawa walipendana kwa rivasi. Juni iliyofuata tukala keki ya harusi yao.

Tangu hapo Orrin hakurudisha trela tena. Sisemi kwa kumsengenya, hata yeye anasema. Akiwa peke yake na trela huzunguka maili kumi atafute njia ya kupita moja kwa moja. Haingii mahali mpaka ameona pa kutokea. Kazi ya kubeba ikawa ya Twyla, na haikuwa ya kwao tu, ilikuwa ya bonde zima: mafahali wa huyu, farasi wagonjwa wa yule, piano ya shule, vitu vya maharusi. Mtu akiwa na lango baya lenye kona mbaya, husema, "Mwite Twyla." Nikiri, nilikuwa namwonea wivu kidogo. Mimi nimepika shuleni miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kusema "mwite Idella" ila supu ilipoungua.

Halafu Februari ile, miaka miwili na nusu iliyopita, farasi aliteleza kwenye barafu akamwangukia. Miguu haikurudi. Sitasimulia hospitali, nimechoka nayo. Niseme tu kwamba aliporudi nyumbani Orrin aliuza mtambo wake wa kufunga majani, akaitengeneza pikapu: breki na mafuta vya kushika kwa mkono, na nyuma kwenye bodi akafunga winchi ndogo inayonyanyua kiti cha magurudumu na kukilaza ndani, na paa juu yake kisilowe. Twyla akawa anaendesha tena. Anaenda kanisani, anaenda kwa daktari, anakuja kwangu.

Lakini nyuma havuti kitu. Trela lao ni lile la shingo: chuma kinene kimepinda kama shingo ya bata bukini, kinapita juu ya mlango wa nyuma wa pikapu na kukalia mpira wa chuma ulio katikati ya bodi. Na pale pale kwenye mpira ndipo ilipofungwa winchi. Ama kiti, ama shingo. Vyote viwili havikai. Trela likabaki kando ya banda, majani yakaota mpaka kwenye rimu, na watu wakaacha kusema "mwite Twyla," kwa huruma, na huruma yao ilimuua polepole mbele ya macho yangu. Akawa anakaa jikoni. Akawa mpole. Ndipo mimi nikaja na nyumba yangu isiyo na ngazi.

Mwezi wa tisa nilimpelekea mdogo wangu mkate wa mdalasini nikamkuta bandani anachomelea vyuma. Akaruka kama mwizi.

"Usimwambie," akasema.

"Nimwambie nini? Hata sijui ni nini hicho. Kitanda?"

"Kigari, dada. Cha kubeba shingo." Akanieleza huku ameshika kofia yake ya kuchomelea kifuani. Kigari kina magurudumu mawili na mpira wake juu. Shingo ya trela inakaa juu ya kigari, na kigari kina mkono mmoja wa mbele unaofungwa chini ya bampa ya pikapu. Uzito wote unabebwa na kigari. Bodi ya pikapu inabaki huru, kiti kinakaa kwenye winchi yake. "Ataweza kubeba tena," akasema, na macho yakamlengalenga. "Kabla ya tarehe mosi. Akishaona anaweza, hatutahama."

Nikamwambia, "Orrin, nimeshalipa malipo ya kutangulia."

"Najua."

"Nimeshaosha madirisha!"

"Najua, dada. Yang'arishe tu."

Nilikasirika, sikatai. Lakini nilifunga mdomo wangu, jambo ambalo ni la kuandikwa ukutani.

Wiki ya kwanza ya Oktoba akamwita uani. Alikuwa amekipaka rangi ya kijani, rangi ya pikapu. Twyla akakizunguka na kiti chake mara moja, akakizunguka tena. Orrin anachekacheka kama bwana harusi. Mimi nimesimama mlangoni nimekunja mikono.

"Kinarudi nyuma?" Twyla akauliza.

Orrin akajikuna shingo. "Mnadani kuna ile njia ya kuzunguka..."

"Nimekuuliza, kinarudi nyuma?"

"Mbona urudi nyuma, mama, kama unaweza kuzunguka?"

Loo! Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amefanya, na ni kosa ambalo Orrin peke yake angelifanya. Trela moja lina kiungo kimoja. Ukitaka matako yake yaende kushoto, unageuza usukani kulia. Kila mtoto wa huku anajua. Lakini kigari kikikaa katikati, viungo ni viwili: pikapu na kigari, kigari na trela. Ukigeuza huku kigari kinakwenda kule, na trela linakwenda linakotaka. Ni kama kusukuma mnyororo. Mdogo wangu alipiga mahesabu ya uzito, ya springi, ya breki, ya taa, hakukosea hata inchi. Rivasi haikumjia akilini hata siku moja, kwa sababu katika maisha yake hakuna kitu kama hicho.

Twyla alijaribu, kumheshimu. Wakafunga trela tupu, akajipandisha kwenye pikapu, akaenda mbele vizuri, kimya, laini kabisa. Akasimama mbele ya lango la zizi. Akarudi nyuma. Kigari kikajipinda, kona ya trela ikaingia kwenye taa ya pikapu, kacha! Akanyoosha, akajaribu tena. Kacha, taa ya pili. Mara ya tatu hakujaribu.

Akateremsha kioo. "Umejitengenezea gari lako, Orrin," akasema. Hakupaza sauti. "Mimi hili halinifai. Jumanne tarehe mosi tunahama, kama Idella alivyosema."

Nilikuwa nimeshinda, si ndiyo? Mbona basi nilitaka kulia? Orrin alibaki pale uani ameshika kofia, na kijani chake kizuri chote kimekwaruzika. Nilirudi mjini nikaosha madirisha yale mara ya pili kwa hasira.

Jumapili nikaenda kula kwao. Nyama ya kuokwa, viazi. Nikaanza kumfokea mdogo wangu kwa sababu mtu fulani alipaswa kufokewa. "Na wewe," nikamwambia, "miaka thelathini na mitano unalala na dereva bora wa wilaya nzima, hujamuuliza hata swali moja kabla hujawasha moto wako wa kuchomelea? Hata kumuuliza, 'Mke wangu, hiki ungekitaka vipi?'"

"Nilitaka kumshangaza."

"Umemshangaza!"

"Jamani, niacheni nikanawe," Twyla akasema, akajisukuma nyuma kutoka mezani. Kiti kikasimama ghafla. Akaenda mbele kidogo, akarudi nyuma tena. Anaangalia chini, kwenye miguu yake, nikadhani anaumwa.

"Orrin," akasema. "Njoo hapa. Piga magoti."

"Nimeshaomba msamaha, mama."

"Piga magoti, bwana, uangalie!"

Akapiga magoti. Na mimi nikainama, umbea haunipiti. Twyla akajirudisha nyuma. Yale magurudumu madogo ya mbele ya kiti, ambayo nimeyafuta matope mara mia bila kuyatazama, yakageuka yenyewe, yakazunguka nusu duara na kufuata. Akaenda mbele, yakageuka tena.

"Makubwa hayageuki," Twyla akasema. "Madogo yanatafuta njia yenyewe. Sasa huo mkono wako mmoja, utoe. Weka mikono miwili, ifunge kwenye chesisi ya pikapu kulia na kushoto, isicheze hata kidogo. Kigari kiwe kipande cha pikapu, kama mkia mgumu. Magurudumu ndiyo yazunguke, yajigeuze yenyewe kama haya madogo. Kiungo kinabaki kimoja tu, pale kwenye mpira."

Orrin akaligusa gurudumu moja dogo kwa kidole, akaligeuza huku na huku. "Mashine ya zamani ya kukatia majani," akasema taratibu. "Ile iliyoko kwenye magugu. Magurudumu yake ya nyuma yanazunguka."

"Si ndiyo nasema."

"Yatatetemeka barabarani."

"Basi yabane yawe mazito kuzunguka. Mimi ndiye nikufundishe kukaza nati?"

Wakaondoka wote wawili kwenda bandani. Chakula nusu kiko mezani, hakuna hata aliyeniambia asante. Nikaosha vyombo peke yangu, na kutoka bandani nikasikia wanagombana. Wanagombana hasa, kwa sauti, "siyo hapo, wewe kipofu nini," "basi shika wewe," na mara Twyla akacheka. Miaka miwili na nusu sikuwa nimesikia kicheko kile. Nilishikilia sinki, nawaambia, nikaacha maji yatiririke.

Wakafanya kazi siku tisa. Orrin anachomelea, Twyla anapima, na hakuna chuma kilichokatwa kabla yeye hajasema kata. Wakajaribu uani na trela tupu, likaingia. Lakini uani si mnadani, na tupu si ng'ombe kumi na wanne. Twyla hakusema tunahama, hakusema hatuhami. Nilipomuuliza kama nianze kupanga vyombo kwenye maboksi, akasema, "Alhamisi ni mnada. Niulize Ijumaa."

Alhamisi nilipanda naye mimi. Orrin alisema atakuja nyuma yetu na gari lake dogo, na mimi nilimwelewa. Nyuma yetu kulikuwa na ng'ombe wazee kumi na wanne, wale wa kuuzwa kila vuli, na kiti kimelala chini ya paa lake. Twyla aliendesha polepole, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kile kijiti cha breki. Tulipopita daraja nilitazama kioo cha pembeni, kigari kinafuata kimetulia. Nikaanza kusali. Sijui hata nilikuwa naombea nini. Nyumba ilikuwa imelipiwa.

Uani pa mnada palijaa. Mlinda lango akatupatia mlango wa tatu, ule ulio upande wa kulia, na kwetu dereva hukaa kushoto, kwa hiyo ukirudi nyuma huuoni, unaona ubavu wa trela tu. Nyuma yetu foleni ya matrela kumi na tano, pikapu zinanguruma. Na kwenye ukuta, na vikombe vyao, wamesimama kina Gaylord Pruss na wenzake wote. Gaylord ni jirani yao wa upande wa mto, mzee mrefu mwenye uso kama mlango uliofungwa. Wote wanajua. Wameona pikapu, wameona kile kitu cha kijani, na wanajua vigari havirudi nyuma.

Twyla akavuta mbele, akasimama.

"Wifi," nikamnong'oneza, "labda tumwombe Gaylord..."

"Idella, ukifungua huo mdomo tena nakushusha hapa hapa."

Nikaufunga. Akatazama kioo cha kulia. Akaingiza rivasi. Nyuma ng'ombe wakahama upande mmoja, pikapu ikayumba, na nikahisi chini yetu magurudumu yale yanabisha, hayataki kugeuka, yanaburuza kwenye changarawe, nikasema basi, yamekwisha, Jumanne wanahama. Kisha yakazunguka. Nilihisi kwenye kiti: mguno mmoja mdogo, halafu laini. Twyla akageuza usukani kushoto kidogo, trela likaanza kuingia kulia. Akaurudisha. Akaacha trela lifuate. Hakuvuta mbele hata mara moja kurekebisha. Nikawa nasubiri kacha. Badala yake ikaja tap, raba iliyopigiliwa kwenye ukuta wa kushushia imegusana na matako ya trela, taratibu kama mtu anavyoweka kikombe mezani.

Mlinda lango akafungua, na ng'ombe wakaanza kushuka.

Twyla aliondoa mikono kwenye usukani, akaificha katikati ya mapaja. Mimi nilikuwa nalia wazi wazi, makamasi na yote, sikujali nani ananiona. Kwenye kioo nikamwona mdogo wangu amesimama kando ya foleni, kofia imefunika uso mzima.

Ukutani hakuna aliyepiga makofi. Huku hatupigi makofi. Wakageukia kahawa yao wakazungumza habari za mvua. Gaylord Pruss peke yake alijitenga, akaja mpaka dirishani kwa Twyla, akaweka mkono juu ya paa la pikapu. Hakukitazama kigari. Hakusema neno kuhusu kurudi nyuma.

"Twyla," akasema, "nina ndama sitini kule chini mtoni. Lile lango baya, unalijua. Jumanne una nafasi?"

Sasa Gaylord anajua vizuri Jumanne ni siku gani. Ndiye aliyekuwa ameahidi kuja kubeba kabati lao la vyombo kulipeleka mjini. Aliniahidi mimi mwenyewe, kwa mdomo wake. Akanitupia jicho mara moja juu ya bega la Twyla, halafu akarudi kutazama mbali.

Twyla akatoa mikono mapajani. Akanigeukia mimi. Na mimi Idella, niliyelipa malipo ya kutangulia, niliyeosha madirisha mara mbili, nilisikia kitu kizito kikiniteremka kutoka mabegani mpaka miguuni na kwenda zake, nikapumua, jamani, nikapumua.

"Unanitazama nini?" nikamwambia. "Mtu kakuuliza swali."

"Jumanne nipo," Twyla akamwambia Gaylord. "Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi nikute lango liko wazi," akasema, akaingiza gia. "Mimi sisubiri mtu."